Saa ya Mahakama na Saa ya Mahabusu



Nimeombwa nizungumze juu ya haki ya mshitakiwa kusikilizwa mapema pale nchi inapokumbwa na maradhi ya kuambukiza. Nitachukua mfano wa Marekani, kwa kuwa taifa hilo hujinadi mbele ya ulimwengu kuwa mlinzi mkuu wa haki za raia, na anayejinadi hana budi kupimwa kwa mizani yake mwenyewe.

Haki hiyo imo katika katiba yao tangu mwaka 1791. Mwaka 1974 bunge lao lilipitisha sheria kwamba kesi ya jinai katika mahakama za shirikisho ianze kusikilizwa ndani ya siku 70 tangu hati ya mashitaka kuwasilishwa au mshitakiwa kufikishwa mahakamani. Lakini sheria iyo hiyo iliacha mlango: jaji aweza kusimamisha hesabu ya siku, mradi aeleze kwa nini kuahirisha kunaitumikia haki kuliko kuharakisha. Machi 2020, korona ilipoingia, mlango huo ulipanuliwa hata lori likapita.

Kesi za huko huamuliwa na raia 12 wanaojifungia chumba kimoja, na kuwakusanya wakati ule kulikuwa hatari. Hilo silibishi. Kusimamisha kesi miezi ile ya kwanza kulikuwa busara. Swali langu ni nani aliyelipa gharama ya kusubiri.

Tazameni kesi iliyovuma kuliko zote. Huko California daktari mmoja alishitakiwa mwaka 2017 kwa kuwaandikia watu dawa kali za maumivu kinyume cha sheria. Alikuwa nje kwa dhamana, na alikwisha kuomba kesi iahirishwe mara nane. Mwaka 2020 akageuka, akadai haki yake ya kusikilizwa mapema. Jaji Cormac Carney aliona kuwa mahakama ya jimbo, ng'ambo ya barabara, inaendesha kesi ilhali ya shirikisho imezisimamisha. Januari 2021 akayafuta mashitaka. Aprili mwaka huo mahakama ya rufani ikautengua uamuzi wake, ikisema sheria haidai kwamba kesi ishindikane kabisa ndipo iahirishwe.

Kwa daktari yule, naona mahakama ya rufani ilikuwa sahihi. Tena ilitaja mambo ya kupimwa, na miongoni mwake ni kama mshitakiwa yumo kizuizini, na kwa muda gani. Hapo ndipo penye kiini. Kabwela aliyekosa fedha za dhamana alisubiri mahabusu, akivuta pumzi moja na wenzake waliosongamana. Kwake kila ahirisho lilikuwa kifungo kabla ya hukumu. Nanyi mjue kuwa katika mahakama hizo zaidi ya tisa katika kila kumi wanaotiwa hatiani hukiri wenyewe, kesi isisikilizwe. Aliyewekwa ndani bila tarehe aweza kukiri hata asilolitenda, mradi atoke.

Kwa hiyo jaji anayeahirisha kwa sababu ya maradhi aandike sababu za kila mshitakiwa, si amri moja ya kuwafunika wote. Na aanze na walio ndani: ama wasikilizwe kwanza, ama waachiwe kwa masharti ambayo mtu asiye na fedha anaweza kuyatimiza. Mwenye dhamana yake atasubiri nyumbani.