Kiambishi -ka- katika Insha ya Kiingereza

Mwanafunzi aandikapo kwa Kiingereza “He went to the market and buy fish”, mwalimu hulikata neno “buy” kwa wino mwekundu na kumwita mzembe. Mimi siuoni uzembe. Kwa Kiswahili angesema “Alikwenda sokoni akanunua samaki”: kiambishi -li- kimekwisha kuutaja wakati uliopita, na -ka-, ambacho chenyewe hakina wakati, huuazima huo, tendo kwa tendo, mpaka hadithi iishe. Vitenzi vya Kiingereza havikopeshani hivyo. Kila kimoja hubeba wakati wake, “went”, “bought”. Kosa lisahihishwe, naam. Ila sisi wasahihishaji (nami nimekata mengi) tumwonyeshe kwanza ile -ka- aliyokuwa akiifuata.