Mgonjwa Aliyenyamaza Huenda Anaumwa
(Maneno tuliyowaambia wahudumu wa wagonjwa nyumbani, Kitengela)

Wengine mmetoka mbali, huko Isinya na Kajiado, na nauli mmejilipia wenyewe. Leo tuzungumze juu ya usingizi wa mgonjwa.

Tukiingia katika nyumba huwa tunauliza, "Amekula?" Ni vizuri. Lakini tuulize pia, "Usiku amelala?" Asiyelala hapati nguvu, chakula hakitaki, na anayemtunza halali pia. Mara nyingi kinachomnyima usingizi ni maumivu.

Sasa, hapa Kajiado kuna shida moja. Kijana wa Kimaasai akitahiriwa hatakiwi hata kupepesa macho. Mtu aliyelelewa hivyo akipata saratani uzeeni atakwambia nini? "Sijambo." Nasi wa makabila mengine tumefunzwa vile vile kwamba kulia ni aibu. Basi tusidanganywe na ukimya. Mwangalie: uso ameukunja? Anaguna akigeuzwa? Halafu mwonyeshe mkono. Ngumi maana yake hakuna maumivu. Vidole vitano, maumivu makali kabisa. Achague mwenyewe. Andika katika daftari, pamoja na saa.

Pili ni dawa. Maumivu ya kila siku hutibiwa kwa saa, hatungoji mgonjwa alie. Yakishawaka, kuyazima ni kazi. Kwa maumivu makali ya saratani, daktari anaweza kuandika mofini ya kunywa. Wengi wanaiogopa, ati ni dawa ya kumaliza mtu. Sivyo. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari, humpa mgonjwa nafasi ya kulala, na ya kuongea na watoto wake. Nairobi Hospice, iliyoanzishwa mwaka wa 1990, imefanya kazi hii ya kutuliza maumivu kwa miaka mingi. Mofini hiyo ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne, na daktari anaweza kuagiza kipimo cha kulala kiwe kikubwa zaidi ili mgonjwa asiamshwe usiku. Sisi tusiongeze wala kupunguza. Tena hufunga choo, kwa hivyo ombeni na dawa ya kulainisha choo.

Tatu ni kazi ya mikono yetu. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa mbili, asije akapata vidonda vya kulalia. Nyoosha shuka. Weka blanketi iliyokunjwa katikati ya magoti. Mpe nafasi ya kukojoa kabla ya kulala, na chai kali isiwe ya jioni. Nyumba zetu za mabati ni joto mchana na baridi usiku, basi nguo za kujifunika ziwe karibu. Redio ya jirani? Nenda ukamwombe kwa upole, atasikia. Wageni nao waage mapema.

Akionyesha vidole vinne au vitano na dawa amekunywa, mpeleke habari kliniki siku hiyo hiyo. Msingoje Jumatatu.

La mwisho. Katika nyumba nyingi anayekesha ni mtu mmoja, mara nyingi mama au binti ambaye kesho ana shule. Huyo naye akianguka, mgonjwa atabaki na nani? Kwa hiyo kabla hatujaondoka hapa, kila kikundi kiandike zamu: nani atakesha wapi, usiku gani. Karatasi tunazo.