Kabla ya Saruji, Shimo

Msikilizaji, ukifika Kitengela kiangazi kikiwa kimekolea, ingia kwenye ploti yoyote ambayo haijajengwa. Utaikuta ardhi imepasuka nyufa za kumeza kiganja. Rudi Aprili, mvua ya masika ikinyesha. Nyufa zimejifunga, na kila hatua kiatu kinabeba tope. Huo ndio udongo mweusi, bleki koton. Ukilowa unafura, ukikauka unanywea, na nyumba iliyoukalia inapandishwa na kushushwa nao hadi kuta zipasuke.

Nasema leo na wewe uliyechukua mkopo wa sacco, ukampigia fundi simu. Amekuuliza ni vyumba vingapi, ukamjibu, naye papo hapo akakutajia bei ya msingi. Ploti hajaikanyaga. Bei hiyo, ndugu yangu, usiitegemee.

Shika kalamu. Nyumba ya mita 10 kwa 12, na kuta zake zote, za nje na za ndani, ukiziunga zifike mita 70. Zege ya chini ya ukuta iwe na upana wa sentimita 60 na unene wa 20. Zidisha, unapata mita za ujazo 8.4. Kwa mchanganyiko wa moja, mbili, nne, kila mita ya ujazo inakula kama mifuko sita na nusu ya saruji ya kilo 50. Basi ni mifuko 55, na michache ya akiba kwa inayomwagika. Mchanga ni karibu mita za ujazo 3.7, kokoto mara mbili yake. Hesabu hii ni ile ile ukijenga Kitengela, Isinya au Kajiado mjini, na fundi mzoefu anaifanya kichwani.

Asichoweza kukijua kwa simu ni kina cha udongo mweusi, ambao mtaro wa msingi lazima uupite wote. Tuseme amepiga hesabu akidhani udongo mweusi unaishia sentimita 90, kumbe unashuka hadi mita moja na nusu. Mtaro umeongezeka sentimita 60. Kwa mawe ya mashine ya kimo cha sentimita 20, hizo ni kozi tatu zaidi. Kozi moja ya mita 70 ni futi 230 za mawe. Tatu ni futi 690, na bado hujanunua saruji na mchanga wa kuyajengea.

Halafu kuna tumbo la nyumba. Udongo mweusi wa ndani nao unatolewa wote, pajazwe mawe na murram, pashindiliwe kabla ya kumwaga slabu. Sentimita zile 60, hata ukitoa nafasi ya kuta, zinadai zaidi ya mita za ujazo 60 za kujazia. Linganisha na zege yote ya mtaro: 8.4! Na udongo uliochimbwa nao unataka lori la kuuondoa. Hapo ndipo mkopo unapokwisha, ukuta haujachomoza juu ya nyasi.

Kwa hivyo kabla hujanunua mfuko hata mmoja, lipa vijana wawili wachimbe mashimo kwenye pembe za nyumba na moja katikati, kwa sababu ploti moja inaweza kuwa na murram karibu upande huu na udongo mrefu upande ule. Wachimbe mpaka weusi uishe. Muite fundi, na ukiweza mhandisi pia. Ashuke shimoni na futi yake, apime mbele ya macho yako. Akitoka humo, muulize bei.