Nani Yuko Zamu ya Usiku? Usalama na Ubora wa Uangalizi katika Makazi ya Wazee



Ikifika tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, makazi ya wazee hupata wageni wengi. Huletwa mchele, sukari, mafuta ya kula, sabuni na kanga. Wakati wa Ramadhani na Krismasi huwa hivyo hivyo. Wanaotoa nawashukuru kwa dhati, maana chakula hicho kinaliwa na sabuni hiyo inafua. Lakini jioni wageni huondoka. Saa nne usiku bibi aliyepooza upande mmoja amelazwa chali, na hana nguvu ya kujigeuza. Nani atamgeuza saa sita? Nani atamgeuza saa nane, na saa kumi? Nashikilia kwamba usalama wa mzee aliyemo katika makazi hutegemea kwanza idadi ya mikono na muda wa mikono hiyo. Huruma tunayo nyingi. Watu wa zamu ya usiku ndio hatunao.

Nianze na ngozi, kwa sababu ngozi haidanganyi. Mtu akilala upande mmoja muda mrefu, uzito wa mwili huibana nyama kati ya mfupa na godoro: kwenye kitako, nyonga, visigino na mabega. Mishipa midogo ya damu hujifunga, nyama hukosa hewa na chakula, kisha huanza kufa. Kwa mzee ngozi imekuwa nyembamba, mafuta ya chini yake yamepungua, na kama anajikojolea, unyevu huilainisha zaidi. Kidonda cha kulalia huanza kama doa ambalo haliondoki hata ukiondoa mgandamizo. Kikiachwa hufika kwenye mfupa, vijidudu huingia kwenye damu, na mtu hufa kwa jambo ambalo mara nyingi lingezuilika.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Vitabu vingi tulivyosomea vinaagiza kutafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, na muuguzi anayengoja kuuona atachelewa. Wanafunzi wangu nawaagiza watumie mgongo wa kiganja: je, sehemu hii ni ya moto au ya baridi kuliko ngozi iliyo jirani? Imekuwa ngumu, au imelainika kama iliyojaa maji? Rangi imekolea au imegeuka zambarau? Muulizeni mzee mwenyewe kama panamuuma, maana maumivu mara nyingi hutangulia rangi. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote.

Mwaka 1962, nchini Uingereza, muuguzi Doreen Norton pamoja na wenzake McLaren na Exton-Smith walichapisha uchunguzi wao wa matatizo ya kuuguza wazee hospitalini. Zama hizo wauguzi walikuwa wakisugua migongo ya wagonjwa kwa spiriti na marhamu za kila namna. Norton alionyesha kuwa kilichosaidia kweli ni kumwondolea mgonjwa mgandamizo, yaani kumgeuza mara kwa mara. Kutokana na kazi hiyo tukapata mizani inayobeba jina lake. Inapima mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, uwezo wa kutembea, uwezo wa kujisogeza kitandani, na uwezo wa kuzuia haja. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 4. Mwenye jumla ya 14 au chini yuko hatarini. Kalamu na karatasi vinatosha.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Chukua nyumba yenye wazee 12 wasioweza kujigeuza, na zamu ya usiku ya saa 12. Kwa kanuni ya kugeuza kila baada ya saa 2, kila mzee atageuzwa mara 6, jumla mara 72. Kumgeuza mtu vizuri, bila kumburuta juu ya shuka hadi ikamchubua, kunataka watu wawili. Tukikadiria dakika 5 kila mara, hizo ni dakika 360: saa 6 kamili za watu wawili, kabla hawajabadilisha nepi moja, kumpa mtu maji, au kumpeleka mmoja chooni. Mhudumu aliye peke yake hawezi, hata akiwa mtu mwema kuliko wote. Tunapomlaumu asubuhi kwa kidonda kilichojitokeza, tunamhukumu kwa kosa la aliyepanga zamu.

Kuanguka nako kunafuata njia ile ile. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na wenye umri wa zaidi ya miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Mzee huamka usiku kwenda haja ndogo, balbu ya ukumbini imeungua, sakafu imelowa, kandambili imekatika, na dawa ya shinikizo la damu imemletea kizunguzungu. Angekuwapo wa kumshika mkono, asingevunjika nyonga. Asipokuwapo, hujitokeza kishawishi cha kumfunga kitandani au kumpa dawa za kumlaza. Kishawishi hicho nakipinga bila kusita. Aliyefungwa misuli yake hunyong'onyea, hupata vidonda vya kulalia, na wapo walionyongwa na kamba zile zile walizofungwa kwa jina la usalama. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1987, ilimpa mkazi wa nyumba ya wazee haki ya kutofungwa wala kuleweshwa dawa kwa ajili ya kumwadhibu au kuwarahisishia watumishi kazi.

Usafi wa kinywa nao hutajwa mara chache. Watafiti wa Japani wakiongozwa na Yoneyama walifuatilia wazee katika nyumba 11 kwa miaka 2. Waliopigishwa mswaki baada ya kila mlo walipata nimonia mara chache kuliko wenzao, kwa sababu uchafu wa kinywa usiosafishwa huteremka hadi mapafuni. Mswaki ni wa bei ndogo. Wa kuushika ndiye adimu.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni ukatili. Shirika hilo hilo la Afya linaripoti kuwa watumishi 2 kati ya 3 wa taasisi za kulelea wazee wamekiri kumtendea mzee ubaya katika mwaka uliotangulia. Uchovu unaeleza sehemu ya jambo hili, lakini hauhalalishi kofi wala tusi. Mzee anayetendewa ubaya anamtegemea huyo huyo mtendaji kwa chakula cha kesho. Atamshtaki vipi? Kwa hiyo nyumba isiyo na njia ya malalamiko nje ya mikono ya wasimamizi wake haina usalama, hata ukuta wake ukipakwa rangi kila mwaka.

Australia ilijifunza haya kwa uchungu. Kituo cha wazee cha Oakden, Australia Kusini, kilifungwa mwaka 2017 baada ya familia kulalamika jinsi wazee wao walivyotendewa. Kashfa hiyo ilichangia kuundwa kwa Tume ya Kifalme ya kuchunguza uangalizi wa wazee mwaka 2018, ambayo mwaka 2021 ilitoa mapendekezo 148. Kinachonivutia mimi ni kwamba serikali ilifikia hatua ya kuweka wajibu wa uangalizi katika dakika: tangu Oktoba 2024, wastani wa dakika 215 kwa kila mkazi kwa siku, na 44 kati ya hizo ziwe za muuguzi aliyesajiliwa. Mtaniambia ile ni nchi tajiri. Ni kweli, na sidai tuige idadi yake. Nadai tuige kuhesabu, ambako hakuhitaji utajiri.

Hapa Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia kuwa msingi wa kumtunza mzee, na makazi kuwa kimbilio la mwisho. Naikubali. Ila kuna mzee asiye na mtoto, kuna aliyetelekezwa, na huko Usukumani kuna vikongwe waliotishiwa maisha kwa tuhuma za uchawi. Kwao makazi ya wazee ya Kolandoto, Funga Funga, au Sebleni na Welezo kule Unguja ndiyo nyumbani. Kimbilio la mwisho halipaswi kuwa la mwisho katika bajeti. Zanzibar ilipoanzisha Pensheni Jamii mwezi Aprili 2016 kwa kila aliyetimiza miaka 70, ilithibitisha kuwa serikali yetu ikitaka kumpangia mzee fungu la kudumu, inaweza.

Ujuzi nao tunao hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wauguzi wa Kenya kwenda kufanya kazi kule. Wapo Waafrika Mashariki wengi, kule na Marekani, wanaogeuza wazee wa watu kila usiku, wakiandika saa na upande waliomlaza kila mmoja. Mikono hiyo hiyo inastahili kuajiriwa hapa, kwa ujira unaomfanya mtu abaki.

Kwa wenye mamlaka ya kukagua, naomba mwende saa nane usiku, bila taarifa, na mfunue shuka. Ripoti zenu zitaje idadi ya wahudumu mliowakuta macho na idadi ya vidonda vipya vya mwezi huo, na zibandikwe mlangoni ambapo ndugu wa mzee ataziona. Kwa Seneti ya chuo hiki, naomba mpitishe pendekezo ambalo idara yetu imeshaliwasilisha: kila mwanafunzi wa uuguzi, kabla hajahitimu, afanye mafunzo kwa vitendo katika makazi ya wazee, zamu za usiku zikiwemo.