Mshairi Naye Ana Kwao



Zamani shairi la gazetini lilikuwa likiishia kwa jina la mtunzi, na chini ya jina, sanduku lake la posta. Basi. Wengine hata jina lao halisi hawakulitoa, walijificha nyuma ya lakabu. Msomaji wa Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, au baadaye msomaji wa Uhuru na Mzalendo, au yule aliyekaa karibu na redio kusikiliza Malenga Wetu ya Radio Tanzania, aliweza kumfahamu mtu kwa vina vyake miaka kumi na asijue kama mtu huyo ni karani, mvuvi au mwalimu wa chuo cha Kurani.

Nimelazimika kulitafakari jambo hili kwa sababu ya swali nililoulizwa Mtunda, wilayani Kibiti. Kijana mmoja, mkulima wa mpunga, alinionyesha daftari lake la mashairi. Kurasa za mwanzo hazisomeki, wino umechujuka. Daftari lilikuwa bondeni, dunguni, wakati mafuriko ya Rufiji yalipokuja mwaka 2024, na alipolipata lilikuwa limelowa chepechepe. Mengine ameyaandika upya kwa kukumbuka, mengine yamekwenda na maji. Akaniuliza, "Mjomba, hivi mtu aliyeishia darasa la saba anaweza kuitwa mshairi, au mpaka awe amefika chuo kikuu?"

Swali hilo halikuzuka hivi hivi. Shuleni tunawapa watoto shairi, tunawaambia watoe dhamira, wataje bahari na mizani, kisha tunafunga kitabu. Mtoto anabaki akidhani washairi wote ni madokta. Ni kweli wapo. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, alipitia seminari, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akapata udaktari Wisconsin huko Marekani, na akafundisha Botswana. Alipotoa Kichomi mwaka 1974, bila vina wala mizani tulivyovizoea, watu waligombana, na ugomvi ule haujaisha vizuri hata baada ya kifo chake mwaka 2020.

Lakini Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, akahamia idara ya wanyamapori, kisha ofisi za serikali Tanga. Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, Kiswahili kwake si lugha ya mama, na ndiye aliyezifanya ngonjera zijulikane nchi nzima.

Na yule ambaye ningependa kijana wa Mtunda amjue kuliko wote ni Haji Gora Haji. Huyu alizaliwa kisiwani Tumbatu mwaka 1933. Shule yake ilikuwa chuo cha Kurani. Alivua samaki, alikuwa baharia, alibeba mizigo. Tungo alizitia kichwani kwanza, karatasi ikafuata baadaye, na waimbaji wa taarabu wakaziimba kabla wasomi hawajamjua. Kitabu chake, Kimbunga, kilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1994, naye ameshapita miaka sitini! Leo kinasomwa vyuoni na watu wenye digirii mbili mbili. Hata kamusi ya Kitumbatu aliiandika yeye. Alifariki mwaka 2021.

Wapo wanaosema maisha ya mtunzi hayatuhusu, shairi lijitegemee. Nawaheshimu, ila sikubaliani nao. Chukueni Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotoka mwaka 1973. Mtu asiyejua kwamba mtunzi alifungwa Kenya kwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijikaratasi alichokiandika kuuliza nchi inakwenda wapi, na kwamba tungo zile aliziandika kwa siri gerezani kwenye karatasi za chooni, atasoma nusu ya kitabu. Hiyo nusu nyingine iko katika maisha.

Kijana nilimjibu hivyo, na nikamwambia kuna Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa mwaka 2023, na ushairi umo. Tatizo lake sasa ni mtu wa kumchapia mswada kwa kompyuta. Ofisi za kata na walimu wakuu wenye mashine hizo naomba wanisikie.

Kuna wengine ambao hata daftari hawakuwa nalo. Bibi Titi Mohamed, ambaye asili yake ni Rufiji ingawa alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa mwimbaji kiongozi wa ngoma ya Bomba kabla TANU haijamwita jukwaani. Yeye tunamjua kwa siasa. Je, wale waliobaki na ngoma tu?

Pale Mtunda bibi mmoja aliniimbia wimbo wa siku zile za operesheni ya mwishoni mwa miaka ya 1960, watu walipotolewa bondeni na kupelekwa kukaa vijijini, juu. Nikamuuliza, "Bibi, nani alitunga?" Akacheka, akasema wimbo ni wa ngoma. Nikang'ang'ania. Akataja wanawake watatu, akanieleza nani alianzisha, nani aliongeza kiitikio, na nani alikatazwa na mumewe kuuimba. Wawili ni marehemu. Wa tatu anaishi nyuma ya shule. Nilikwenda mchana ule ule, nikaambiwa amelala, nirudi saa kumi.

Nilirudi. Aliyonieleza yanahitaji nafasi yake, na panapo majaliwa nitayaleta wiki ijayo, wakati kama huu.