Fidia ya Adhabu

Fidia ya kawaida katika kesi ya madai hulipa hasara ya mdai, basi. Fidia ya adhabu hutolewa juu ya hiyo. Mwaka 1763 huko London, watumishi wa Serikali walimkamata mpiga chapa mmoja kwa hati isiyotaja jina lake. Walimzuia kwa muda wa saa sita hivi, tena wakamlisha nyama na pombe! Mshahara wake ulikuwa gini moja kwa juma. Raia walioketi kuamua kesi wakampa pauni 300. Jaji Pratt alikataa kesi isikizwe upya, maana lililovunjwa si tumbo bali uhuru. Mwaka 1971 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilikubali fidia hiyo pale watumishi wa Serikali wanapowaonea watu, au mkosaji anapokusudia faida ipitayo fidia atakayotozwa. Fedha hizo hupewa mdai, wala haziingii Hazina kama faini.