Kuchagua Linux Thabiti kwa Seva Kongwe: Hali ya Ofisi za Unguja

Seva ni kompyuta inayohudumia kompyuta nyingine. Distro ni Linux iliyofungashwa pamoja na programu zake, na distro thabiti ni ile isiyobadilishabadilisha programu hizo, bali huletewa viraka vya usalama kwa miaka iliyotangazwa.

Ofisi nyingi zilizoea distro ya CentOS. CentOS 8 iliahidiwa hadi 2029, ikakatishwa mwishoni mwa 2021. CentOS 7 ilifika ukomo tarehe 30 Juni 2024. Zimebaki AlmaLinux, Rocky Linux, Debian na Ubuntu LTS, na ubishi juu ya ipi bora hula muda kuliko unavyostahili.

Tatizo liko kwenye kadi ya RAID, yaani kadi inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Seva za rika la Dell PowerEdge R710 na HP ProLiant G7 hutumia kadi kama PERC 6/i na Smart Array P410. Red Hat 7, ambayo CentOS 7 ilitokana nayo, ilizitambua. Red Hat 8 ikaziacha, na Rocky, inayoifuata Red Hat, ikafanya hivyo. Fundi anaanza kusakinisha, na kwa kuwa kadi haitambuliwi, skrini inasema hakuna diski. Anazichomoa, anazirudisha kwa mpangilio mwingine, anaunda RAID upya, na data inapotea ilhali diski zilikuwa nzima. AlmaLinux ilizirejesha kadi za aina hiyo katika toleo 9.4 la Mei 2024. Debian 12 haikuziacha.

Kadi hizo zina ugonjwa wa pili, betri. Ikichoka, kadi huacha kuweka data kwenye kumbukumbu yake ya muda na seva inakuwa nzito. Wapo wanaoilazimisha kadi iendelee hivyo hivyo ili kasi irudi. Umeme ukikatika, kilichokuwa hakijafika diski kimekwenda. Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya wa baharini, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 ilikaa takriban miezi mitatu bila umeme huo. Waya wa megawati 100 wa 2013 umepunguza adha, lakini kadi iliyolazimishwa ikiwa na betri mbovu hupoteza data hata kwa katizo la dakika moja. Hakuna distro inayotibu hilo.

Inapendekezwa, bila kuingilia taratibu za manunuzi za taasisi, seva iwashwe kwanza kwa Debian ya kwenye flashi na amri ya lsblk, inayoorodhesha diski, itumike. Diski zisipoonekana, zisiguswe. Chelezo iwekwe nje ya seva na ijaribiwe kurejeshwa. Betri ya kadi ikaguliwe, na UPS pia. Programu ya ofisi ikitegemea familia ya Red Hat, ichukuliwe AlmaLinux 9.4 au ya baadaye, vinginevyo Debian. Mfumo usakinishwe kwenye diski mpya, za zamani zikiwekwa kando zikiwa na namba za nafasi zake. Vifurushi vipakuliwe mapema, intaneti isisubiriwe katikati ya kazi. Diski, inasisitizwa tena, zisichomolewe kabla haijathibitishwa kuwa kadi inatambuliwa. Katika Mji Mkongwe, ambako hewa ya bahari hugeuza shaba ya viunganishi kuwa kijani, visafishwe kabla ya seva kuwashwa upya.